Kupanda Mweka na Kurudi na Magoti Mazima
Somo kwa kamati zinazotaka kutuma wakimbiaji



Tangu tulipochapisha picha ya wakimbiaji wa Endagikot wakiwa na medali shingoni, parokia nne zimetuandikia zikiuliza namna ya kutuma watu wao Moshi wakakimbie nusu marathoni kuchangia miradi. Barua hizo zimetufurahisha. Lakini kabla ya kuzijibu inatupasa kueleza jambo ambalo picha ile haikulionyesha. Baba yule aliyesimama wa pili kutoka kushoto, anayecheka, alikuwa ameegemea bega la mwenzake kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama kibuyu. Alikaa miezi mitatu bila kushika jembe. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu sisi tulioandaa safari, na ndiyo sababu ya kuandika somo hili.

Tunaomba lisomwe lote kikaoni, hata kwenye parokia ambazo hazina mtu mwenye nia ya kukimbia, kwa kuwa sehemu ya mwisho inahusu fomu za ahadi na inamgusa kila anayechangisha fedha.

Njia ya Mweka

Mbio za Kilimanjaro Marathon zilianza mwaka 2003. Hufanyika mjini Moshi siku ya Jumapili, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ipo marathoni kamili ya kilomita 42.2, ipo nusu yake ya kilomita 21.1, na zipo mbio fupi za kilomita 5 kwa watoto, wazee na yeyote anayependa. (Kwa wale watakaouliza habari za Misa: tulisali Jumamosi jioni. Kamati ilijadili jambo hilo kwa saa nzima. Magoti hayakupata hata dakika tano.)

Nusu marathoni huanzia na kuishia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Wakimbiaji hupita mjini, kisha hushika barabara ya Mweka inayoelekea mlimani, upande wa chuo cha wanyamapori na lango ambalo wapanda mlima wengi hushukia. Ukiipita barabara ile kwa gari hutaona cha kukutisha. Si ukuta kama Magara. Ni mwinuko mpole unaoendelea kilomita baada ya kilomita, katikati ya migomba na kahawa, bila mahali pa kupumzisha miguu. Kisha unageuka, na yote uliyoyapanda unayashuka. Sehemu ya kupanda inakula pumzi. Sehemu ya kushuka inakula miguu. Watu wengi hujiandaa kwa ile ya kwanza tu, na sisi tulikuwa miongoni mwao.

Tulikwenda na majivuno kidogo. Tunatoka nyanda za juu, watoto wetu hupanda na kushuka vilima kwenda shule, na mkoa wetu wa Manyara umemtoa Fabiano Joseph, mzaliwa wa Babati, aliyekuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005 kule Edmonton, Kanada. Tulijiambia kwamba damu itatubeba. Damu haimbebi mtu wa miaka 46 aliyefanya mazoezi kwa wiki tano.

Wiki kumi na mbili, siku tatu

Mtu mwenye afya ya kawaida, anayeweza kutembea saa nzima bila shida, anahitaji wiki 12 za kujiandaa. Zikipungua sana, asiende mwaka huo. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya kifua au mwenye kuzimia apate kwanza ushauri wa mganga. Kamati isimwonee haya mtu kumwuliza mambo hayo.

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Siku mbili ni za mwendo mfupi wa dakika 30 hadi 45. Mwanzoni mtu akimbie dakika tatu na kutembea dakika mbili, na asijione mnyonge kwa kutembea. Siku ya tatu ni ya mwendo mrefu, ambao ndio moyo wa mazoezi yote. Anza na kilomita 6. Ongeza kilomita moja au moja na nusu kila wiki, na kila wiki ya nne punguza ili mwili upone. Wiki ya kumi uwe umefika kilomita 16. Baada ya hapo usiongeze tena. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza. Wengi wetu tulishindwa hapo. Kwa woga wa kutokuwa tayari, watu walikimbia kilomita 18 siku sita kabla ya mbio, wakaenda Moshi na miguu iliyokwisha kuchoka.

Kipimo cha kasi ni mdomo. Ukiwa mazoezini uweze kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Ukishindwa, umeenda mbio mno. Saa ya mkononi si lazima.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa Ulaya havilisemi. Mbio za Februari zina maana kwamba mazoezi yanaangukia Desemba, Januari na Februari, wakati wa kupanda na kupalilia. Mtu aliyelima tangu saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana amekwisha kufanya mazoezi. Ukimwambia jioni akakimbie kilomita 10 unamharibu. Siku ya palizi tuliihesabu kuwa siku ya mazoezi, na mwendo mrefu hatukuuweka kesho yake. Kwa akina mama shida ilikuwa nyingine: jioni ndiyo saa ya maji, kuni na kupika. Waliweza kukimbia baada ya waume zao wawili kukubali kuchota maji siku za Jumanne na Alhamisi. Kuhusu mavazi, suruali ya mazoezi yenye sketi fupi juu yake ilimaliza maneno. Mzee mmoja aliyelalamika sana mwanzoni, kufikia wiki ya tatu ndiye aliyeshika saa na kutuita majina.

Raba ziwe zile ulizozizoea. Za mtumba si dhambi, mradi soli isiwe imelika upande mmoja na ubaki na upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Usivae raba mpya siku ya mbio, hata kama zimetoka kwa mfadhili na unataka zionekane kwenye picha.

Kupanda

Kosa la kwanza hufanyika katika kilomita tatu za mwanzo. Kuna ngoma, kuna umati, kuna vijana wanaokupita kama upepo, na miguu imepumzika siku tatu. Kila mmoja wetu alianza kwa kasi ambayo hajawahi kuitumia mazoezini. Nguvu inayochomwa pale, kwenye sehemu rahisi, huirudishiwi ukifika Mweka.

Mwenye kukimbia kilomita moja kwa dakika 7 kwenye tambarare akubali dakika 8 au hata 9 akipanda. Shika juhudi ileile, uache kasi ishuke yenyewe. Fupisha hatua, inua mikono kidogo, tazama mbele mita kumi hivi wala si vidole vyako, na usijikunje kiunoni, maana ukijikunja mapafu yanakosa nafasi. Ukiona huwezi kusema hata maneno matatu, tembea. Tembea kwa nguvu, kama mtu anayewahi gari la asubuhi. Kwenye mwinuko, mtembeaji mwenye bidii na mkimbiaji aliyechoka hawaachani sana, ila mmoja wao anafika juu akiwa na miguu. Tulipanga mapema kutembea dakika moja kila baada ya dakika tisa tangu mwanzo wa mwinuko. Wawili walioushika mpango huo walikuwa dada mmoja mwalimu na fundi seremala wa miaka 58. Walipitwa na wenzetu wote wakati wa kupanda, nao wakawapita wote wakati wa kushuka. Walimaliza kwa saa 2 na dakika 41, wakizungumza.

Kushuka

Tunaomba wasomaji wetu watulie hapa, maana goti lile liliumia wakati wa kushuka.

Mtu akipanda, misuli ya mapaja hujikunja ili kumsukuma. Akishuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inakaza huku ikivutwa kuwa ndefu, na uzito wa mwili unaiangukia kila hatua. Pumzi haisumbui, moyo unatulia, na mtu anadhani anapumzika. Kumbe nyuzi za misuli zinachanika kidogokidogo. Ndiyo maana maumivu makali huja kesho yake na keshokutwa, mtu asiweze kushuka ngazi ila kinyumenyume. Misuli ya paja ikichoka, haimshiki tena mtu vizuri, na mzigo wake unahamia kwenye goti.

Madereva wa malori wanaoshuka Magara wanalijua jambo hili kuliko sisi. Dereva mwenye akili hashuki kwa kukanyaga breki tangu juu mpaka chini, zitaungua. Anaweka gia ndogo, gari linashuka taratibu, na breki anazigusa tu. Mkimbiaji naye afanye vivyo hivyo. Hatua ziwe fupi na nyingi, mguu utue chini ya mwili na si mbali mbele, goti liwe limekunjwa kidogo, na mwili uegemee mbele kidogo badala ya kujivuta nyuma. Anayejivuta nyuma na kutua kwa kisigino anaukanyaga mwili wake kama breki.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza kushuka upesi. Mazoezi machache ya mteremko, yakifanywa wiki mbili au tatu kabla, hupunguza sana maumivu ya siku ya mbio. Tulipoyachunguza mazoezi yetu tukaona aibu. Endagikot ina vilima kila upande, na kila Jumamosi tulivipanda tukikimbia. Tukifika juu tulipiga makofi, tukanywa maji, tukashuka tukitembea na kupiga hadithi. Wengine walipanda bodaboda. Hivyo watu wetu walikwenda Moshi wakiwa wamejifunza kupanda tu, na mwenye goti hakuwa hata amefika wiki za mwendo mrefu. Safari hii, kila mazoezi ya kilima yatakuwa na kushuka kwa kukimbia polepole, kuanzia dakika tano, tena kwenye udongo laini kabla ya barabara ngumu.

Kata kucha za miguu siku tatu kabla. Kaza kamba za raba juu kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele, la sivyo utarudi nyumbani na kucha nyeusi.

Jua, maji na vidonge

Mwinuko wa kwetu unasaidia pumzi, lakini tulisahau joto. Anayetoka kwenye baridi ya Mbulu akashuka Moshi mwezi wa Februari anaingia nchi nyingine. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, nasi tulifika Ijumaa usiku baada ya safari ya siku nzima kupitia Karatu na Arusha. Kwa kuwa hatuwezi kuwaweka watu Moshi wiki mbili, tumeamua kwamba wiki za mwisho baadhi ya mazoezi mafupi yafanyike mchana badala ya alfajiri, na siku ya mbio kila mtu apunguze kasi aliyoipanga.

Kunywa maji unaposikia kiu, mafunda machache kwenye kila kituo. Usinywe kwa kulazimisha. Watafiti waliopima damu ya wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston mwaka 2002 walikuta asilimia 13 chumvi ya damu yao imeshuka kuliko inavyotakiwa, hasa walionywa kupita kiasi wakaongezeka uzito wakiwa barabarani. Hali hiyo inaweza kuua, na watembeaji wa polepole ndio walio karibu nayo zaidi kwa sababu wana muda mrefu wa kunywa. Asubuhi kunywa uji uliouzoea, saa mbili au zaidi kabla ya kuanza. Chakula kigeni cha hotelini kiache mpaka jioni.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni visimezwe kabla ya mbio wala katikati. Vikikutana na jua na ukosefu wa maji vinaweza kuumiza figo. Tena vinaficha maumivu, na maumivu ndiyo lugha ya goti. Baba yetu yule alimeza viwili pale uwanjani kabla ya kuanza. Alipewa na mmoja wetu kwa nia njema.

Kumaliza au kuacha

Hakuna mtu wa Mbulu asiyemjua John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, kwenye mwinuko wa mita 2,240, alibanwa na misuli, kisha akaanguka katika msongamano wa wakimbiaji akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia na watu wengi wameondoka, akawa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Jibu lake, kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza, limesikika katika mahubiri mengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Sisi wenyewe tulilisoma kwa sauti usiku ule wa Jumamosi, tukapiga makofi.

Hatulibezi. Lakini tuliwasomea watu wasiofanana naye. Akhwari alikuwa mwanariadha wa taifa, mwenye miaka ya mazoezi mwilini. Mwaka 1970 alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, kwa saa 2:15:05. Tena uamuzi wa kuendelea ulikuwa wake. Mkulima wetu aliposikia goti likichoma kwenye kilomita ya 15, alikuwa na mambo mawili kichwani: hadithi tuliyomsomea, na fomu ya ahadi tuliyompa.

Fomu ile ndiyo tunayoijutia. Iliandikwa kwamba mfadhili atatoa shilingi 2,000 kwa kila kilomita itakayokimbiwa, kwa ajili ya tenki la maji ya mvua la shule. Baba yule alikuwa na wafadhili tisa. Alituambia baadaye kwamba alipiga hesabu huku akichechemea: kilomita sita zilizobaki zilikuwa shilingi 108,000, na hizo ni mifuko kadhaa ya saruji. Angesimama, angekuwa amewanyima watoto maji. Akashuka kilomita sita kwa mguu mmoja na nusu. Sisi tulikuwa kwenye mstari wa mwisho tukipiga vigelegele.

Alipokosa palizi, jumuiya yake ilikwenda kumsaidia siku mbili, kisha kila mtu akarudi kwenye shamba lake, kama ilivyo. Mahindi yake yalimezwa na magugu. Kamati ilipokwenda kumpa pole na cheti cha shukrani, mke wake alitukaribisha chai, akasubiri tumalize, akauliza: "Tenki ni la kwetu sote. Goti ni la nani?"

Hakuna aliyejibu. Tenki limejengwa na lina maji, na hatuwezi kupita pale bila kulikumbuka swali hilo.

Kwa hiyo fomu imebadilishwa. Mfadhili sasa anaahidi kiasi kimoja kwa ajili ya mradi, na nusu yake inatolewa mazoezi ya wiki 12 yakikamilika, kabla ya mbio. Iliyobaki inatolewa mkimbiaji akianza, bila kujali ameishia wapi. Wajumbe wawili walipinga, wakasema watu hawatatoa fedha bila kuhesabu kilomita. Mfadhili mmoja wa siku nyingi naye alituandikia kwamba kulipa kwa kilomita kulimfanya ajione yuko pamoja na mkimbiaji barabarani. Tunamwelewa. Tumemwomba badala yake achague mkimbiaji mmoja na kumwandikia barua kila mwezi wa mazoezi, na amekubali, ingawa si kwa furaha sana.

Pia kila kundi litakuwa na mtu wake kwenye kilomita ya 15, mwenye maji, kanga na nauli ya daladala, mwenye ruhusa ya kamati kumtoa mtu barabarani bila kubishana. Kazi hiyo ameiomba baba mwenye goti. Sasa anatembea bila fimbo, ila mteremko wa kanisani bado anaushuka kwa upande.

Maswali ya kujadili kikaoni

Katika michango ya parokia yetu, ni nani anayebeba gharama isiyoandikwa kwenye taarifa ya fedha? Je, kuna mtu aliyeshindwa kusema "nimechoka" kwa sababu jina lake lilikuwa limeshasomwa mbele ya watu? Kama palizi ya mtu mmoja ingekwama kwa sababu ya mradi wetu, kamati ingemfanyia nini hasa, na kwa siku ngapi?

Majibu yatufikie kwa maandishi pamoja na majina ya wakimbiaji, kabla ya wiki ya kwanza ya mazoezi.